UZI: Kompyuta imegawa wauza samaki makundi manne, mama mmoja wa Dunga akacheka. Nani anazijua modeli za bloku?

Daftari_la_Dunga (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye chai aimimine kwanza.

Mimi hufanya vibarua vya data hapa Kisumu. Majuzi kuna watu fulani (sitawataja) waliotaka kugawa makasha ya barafu kwa wauza samaki. Wakaniambia, badala ya kugawa kiholela, tutafutie "jamii" zilizojificha ndani ya biashara, kila jamii ipate kasha lake. Nikachukua daftari, nikashinda ufuoni Dunga wiki nzima nikiandika nani kauziana na nani. Mtu ni nukta, biashara ni laini. Nikapata watu 16, laini 31.

Nyumbani nikaiingiza data kwenye laptopu, nikaita algoriti ya Louvain ya kutafuta makundi, ile ambayo masomo mengi ya mtandaoni huanza nayo. Hata sekunde haikuisha. Makundi manne, rangi nne, picha imependeza kama leso. Nikaichapisha, nikaipeleka kikaoni kifua mbele.

Mama mmoja akavaa miwani, akaliwinda jina lake kwa kidole mpaka akalipata. Akauliza, "Mimi na huyu mwenye boti ni jamii moja?" Nikasema ndiyo mama, kompyuta imeona mko karibu sana. Akaangua kicheko. "Karibu? Huyu namdai elfu mbili tangu mwezi uliopita. Ukiweka barafu yangu kwake, si nitadai na kasha?" Kikao kizima kikacheka, na mimi nikajifanya nacheka.

Usiku sikulala vizuri. Nikajaribu jambo: nikazichanganya laini zote ovyo, kila mtu nikamwachia idadi ya laini alizokuwa nazo, ila wa kuuziana naye nikampa kwa bahati nasibu. Yaani mtandao wa uongo mtupu. Nikaita Louvain tena. Makundi manne tena! Na alama zake zilikaribiana kabisa na za mtandao wa kweli.

Sasa nauliza: hiki chombo kinaona kitu, au kinanipaka mafuta tu? Nimesikia kuna modeli za takwimu zinaitwa modeli za bloku za kistokastiki. Nani amezitumia?

Pweza_Kavu (Kisumu)

Kasha apewe mama anayedai. Uzi ufungwe.

Mwalimu_wa_Mulembe (Kakamega)

Mulembe, Daftari. Hilo jaribio lako la usiku lina thamani kuliko ile picha ya rangi nne. Watu wengi hufika kwenye picha wakaishia hapo.

Louvain si takataka. Ilitoka 2008 kwa Blondel na wenzake, Ubelgiji, na waliijaribu kwenye mtandao wa simu wa nchi yao, wateja kama milioni 2, ikawatenga wazi wanaozungumza Kifaransa na wanaozungumza Kiholanzi. Kazi nzuri. Lakini inachotafuta ni alama moja iitwayo modulariti: inahesabu laini zilizo ndani ya makundi, inatoa zile ambazo zingekuwepo kwa bahati tu, halafu inasogeza watu huku na huku mpaka alama ipande. Haina mahali pa kujiuliza kama alama iliyopatikana ni ya kushangaza. Guimerà, Sales-Pardo na Amaral walionyesha 2004 kwamba mtandao uliochorwa kwa nasibu tupu nao unaweza kupata modulariti ya juu, kwa sababu migawanyo inayoweza kujaribiwa ni mingi mno na lazima mmojawapo uonekane mzuri. Ni kama mtu anayetazama mawingu juu ya Nyanza Gulf. Akitazama vya kutosha ataona ng'ombe.

La pili, na hili ndilo lililomchekesha yule mama: Louvain inaamini kundi maana yake ni watu wanaoshikana wao kwa wao. Biashara ya samaki haiko hivyo. Mwenye boti hamuuzii mwenye boti. Mchuuzi anamtafuta mwenye boti, hamtafuti mchuuzi mwenzake. Kwa hiyo ukilazimisha makundi ya kushikana, utapata vifurushi: boti moja na wateja wake, boti nyingine na wateja wake. Mdai na mdaiwa chungu kimoja.

Modeli ya bloku inaanza upande mwingine kabisa. Wazo liliandikwa na Holland, Laskey na Leinhardt mwaka 1983. Fikiria kila mtu ana kitambulisho cha kundi mfukoni. Chukua watu wawili, rusha sarafu: ikianguka kichwa kuna laini kati yao, ikianguka mwezi hakuna. Ila sarafu si ya haki, wala si moja. Kuna sarafu ya mwenye boti na mchuuzi, kuna ya mchuuzi na mchuuzi, kuna ya mwenye boti na mwenye boti. Ndivyo mtandao unavyozaliwa. Kazi yako ni kurudi nyuma: umeuona mtandao, vitambulisho huvioni, sarafu huzioni. Vitambulisho gani na sarafu gani zingeuzaa mtandao kama huu?

Hapo kundi linakuwa na maana nyingine: watu wanaohusiana *na wengine* kwa namna moja. Hata kama wao kwa wao hawasalimiani.

Tuletee hesabu za jozi tuone. Wangapi wana boti, wangapi ni wachuuzi?

Daftari_la_Dunga

Mwalimu, asante. Wenye boti 6, wachuuzi 10.

Boti na mchuuzi: jozi zinazowezekana 60, laini 27.
Boti na boti: jozi 15, laini 1 (jamaa aliyemwachia mwenzake samaki injini ilipokataa).
Mchuuzi na mchuuzi: jozi 45, laini 3.

Nikitazama hivi mbona jambo liko wazi kama mchana? Makundi mawili.

Mwalimu_wa_Mulembe

Subiri. Nimekaa na kikokotoo na chai ya rangi, nikuonyeshe kitu kitakachokuudhi.

Chukulia unataka kumtumia mtu mtandao wako wote kwa sifuri na moja tu, apate kuuchora upya bila kukosea. Kila sifuri au moja ni biti. Njia fupi zaidi ya kuuelezea ndiyo inayoshinda. Hiyo ndiyo kanuni ya urefu mdogo wa maelezo, na ndiyo roho ya programu za kisasa za modeli za bloku.

Njia ya kwanza: husemi lolote kuhusu makundi. Unasema kuna watu 16, jozi 120, laini 31, kisha unataja ni jozi zipi. Gharama yake ni kama biti 102.

Njia ya pili: unataja makundi mawili. Sasa laini ni nafuu kuzieleza, kwa sababu karibu zote ziko kati ya boti na wachuuzi. Ukijumlisha gharama za zile aina tatu za jozi unapata kama biti 89. Umeokoa 13. Lakini mpokeaji hajui nani yuko kundi gani! Lazima umwambie. Kuchagua watu 6 kati ya 16 kuna njia 8,008, hizo ni biti 13. Kusema kundi lina watu wangapi ni karibu biti 4 nyingine. Jumla 106.

106 dhidi ya 102. Modeli inakuambia: bwana, kwa data hii, baki na kundi moja.

Daftari_la_Dunga

Haiwezekani. Mimi nimewaona kwa macho yangu! Huyu ana boti, huyu ana beseni!

Mwalimu_wa_Mulembe

Macho yako yamewaona, omera. Daftari halijawaona. Ulichoandika ni nani kauziana na nani, na maandishi hayo peke yake bado hayajafika pa kuwatenganisha. Ndiyo faida ya chombo hiki, kinaweza kukujibu "hakuna". Louvain haina neno hilo kwenye msamiati wake, imekupa manne kwenye data ya kweli na manne kwenye ya uongo.

Mama_Omena (Dunga)

Samahani naingilia, mimi hesabu si yangu, nauza omena. Nyathina, ulikuja na daftari lako wiki gani?

Daftari_la_Dunga

Mama, ile wiki ya pili ya mwezi uliopita.

Mama_Omena

Ndiyo nilitaka kujua. Hiyo ilikuwa mbalamwezi. Omena huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mwezi ukijaa taa haiwavuti, boti nyingi zinalala. Uliandika biashara ya watu waliokuwa hawana kazi. Njoo giza likiingia, uone kama daftari halitajaa.

Pweza_Kavu

Takwimu imepigwa kabari na mwezi 😂

Kiazi_cha_Molo (Nakuru)

Uzi mtamu. Nami nichangie, maana niliwahi kuumwa na nyoka huyuhuyu.

Huku Nakuru nilifanya kazi kama ya Daftari, ila ya viazi: wakulima wa Molo na Mau Narok, madalali, wenye malori, na wauzaji wa hapa mjini. Sikutumia Louvain, nilijiona mjanja, nikatumia modeli ya bloku moja kwa moja. Nikaiomba makundi mawili. Ikanipa kundi la watu 5 na kundi la waliobaki wote. Nikajiuliza hawa watano wana nini cha pamoja? Mmoja dalali, mmoja ana lori, mmoja anauza mbolea na kukopesha... Kumbe walikuwa tu watu wenye laini nyingi. Modeli ilikuwa imegawa dunia kuwa mashuhuri na wananchi.

Baadaye nikasoma Karrer na Newman wa 2011, nikakuta tatizo hili limeandikwa humo lilivyo. Modeli ya kawaida inadhani watu wa kundi moja wana laini karibu sawa. Kwenye maisha si hivyo, kila soko lina mtu wake anayejulikana na kila mtu. Kwa hiyo modeli, ikiwa na nafasi ya makundi mawili tu, inaona tofauti kubwa kuliko zote ni umaarufu, inaenda na hiyo. Wao waliongeza kigezo kimoja kwa kila mtu, uchangamfu wake tuseme, ili umaarufu uelezwe huko na makundi yabaki kueleza jambo jingine. Mfano wao mmoja ulikuwa ile klabu ya karate ya Zachary: modeli ya kawaida iliwaweka vinara na wenye marafiki wengi upande mmoja na wanachama wa kawaida upande mwingine. Iliporekebishwa, ikapata kambi mbili za kweli.

Niliporudia na viazi vyangu, wale watano wakatawanyika.

Binti_Kondele (Kisumu)

Klabu ya karate ni ipi? Wengine tumekuja kupitia njia ya samaki jamani.

Mwalimu_wa_Mulembe

Binti, hiyo ndiyo ugali wa fani hii, kila mtu amekula. Wayne Zachary aliifuatilia klabu ya karate ya chuo kimoja Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuandika 1977. Watu 34, laini 78 za urafiki wa nje ya mazoezi. Mwalimu wa karate akagombana na kiongozi wa klabu kuhusu bei ya masomo, klabu ikapasuka vipande viwili. Zachary akaangalia urafiki wa kabla ya klabu kupasuka, akatabiri nani atamfuata nani. Alikosea mtu mmoja tu, wa namba 9.

Huyo namba 9 nampenda sana. Kwa urafiki alikuwa upande wa kiongozi, lakini akamfuata mwalimu. Kisa? Alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa mkanda mweusi, na akihama anaanza upya. Sasa ungetaka modeli ijue hilo kwa laini gani?

Mbishi_wa_Bondo

Mimi nauliza kitu kimoja. Makundi yapo ama hayapo. Kama yapo, programu nzuri itayaona, kama si leo basi tukinunua kompyuta kubwa. Hizi habari za "data haijafika" ni visingizio vya wenye digrii.

Mwalimu_wa_Mulembe

Ndugu Mbishi, ungekuwa na haki kama isingekuwa mwaka 2011. Decelle, Krzakala, Moore na Zdeborová, wanafizikia, walionyesha kwamba kuna mpaka. Chini yake makundi yapo kweli, wewe mwenyewe umeyapanda, na bado hakuna algoriti itakayoyatambua kuliko anayekisia kwa kurusha sarafu. Si leo, si kwa kompyuta kubwa. Wanahisabati, Mossel, Neeman na Sly, na Massoulié kwa upande wake, wakaja kuuthibitisha kwa makundi mawili yaliyo sawa.

Kanuni yenyewe ni ndogo hadi inakera. Tuseme mtandao ni mkubwa, makundi mawili sawa, na kila mtu kwa wastani ana laini *a* kwa watu wa kwake na *b* kwa watu wa upande wa pili. Toa b kwenye a, zidisha jibu kwa lenyewe. Likizidi a jumlisha b, kuna matumaini. Lisipozidi, lala.

Jaribu: laini 5 za ndani, 3 za nje. Tofauti ni 2, mara 2 ni 4. Jumla ni 8. Nne haizidi nane, hutaona kitu, ingawa kila mtu anapendelea upande wake waziwazi! Sasa chukua 6 na 2. Tofauti 4, mara 4 ni 16. Unaona. Laini moja tu imehama kwa kila mtu.

Mbishi_wa_Bondo

Mwalimu nimeirudia hiyo ya 5 na 3 mara tatu kwa karatasi. Haijanipendeza lakini nimenyamaza.

Kiazi_cha_Molo

Na upande wa pili wa sarafu, hata modulariti ina upofu wake wa aina nyingine. Fortunato na Barthélemy, 2007: vikundi vidogo ndani ya mtandao mkubwa humezwa. Kipimo ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya laini zote. Mtandao wa laini 20,000, basi kikundi chenye laini za ndani chini ya 200 hivi kiko hatarini kuunganishwa na jirani yake. Chama cha kina mama kumi na wawili hakina bahati hapo.

Binti_Kondele

Mimi nasoma mambo ya afya, naomba kuuliza. Ule utafiti wa malaria na simu uliohusu huku kwetu, ulitumia haya mambo?

Mwalimu_wa_Mulembe

Hapana, na ni vizuri umeuliza kwa sababu watu huvichanganya. Ule wa Wesolowski na wenzake, 2012, ulitumia rekodi za simu za Wakenya karibu milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009, kukadiria watu wanavyosafiri na vimelea. Ukaonyesha eneo la Ziwa Victoria ni chimbuko kubwa la vimelea vinavyosafirishwa, na Nairobi ndiko vinakopokelewa kwa wingi. Hapo walihesabu safari na maambukizi, hawakutafuta makundi kwa modeli ya bloku.

Lakini mmoja wa waandishi wake, Caroline Buckee, mwaka uliofuata alikuwa na Larremore na Clauset kwenye kazi nyingine ya malaria, na hiyo ndiyo yenu. Kimelea cha malaria kina jeni ziitwazo *var*, ambazo hukatana vipande na kubadilishana, kwa hiyo ule mti wa ukoo wa kawaida, baba na mwana, haukai sawa. Wakachora mtandao: jeni ni nukta, laini ni kipande wanachoshiriki. Kisha wakatafuta jamii kwa modeli ya bloku, ileile iliyorekebishwa ya kina Karrer.

Na kwa wanaopenda wanyama: Serengeti. Baskerville na wenzake, 2011, walichukua nani anamla nani: spishi 161, kati yao mimea 129. Hapa modulariti ingeparaganyika kabisa, maana simba hawali simba na nyasi haiili nyasi. Modeli ya makundi ikatoa makundi 14, na mimea ikajigawa kwa mahali inapoota. Hakuna aliyeiambia kompyuta mahali. Iliona tu kwamba mimea hii inaliwa na hawa, na ile na wale.

Wenye boti na wachuuzi ni mbuga tu, Daftari. Sisemi nani simba.

Mama_Omena

Sema tu mwalimu, tunamjua.

Daftari_la_Dunga

Wadau, nimerudi. Zimepita wiki tatu. Giza liliingia, nami nikaingia ufuoni kuanzia saa kumi alfajiri, na taa za boti bado zinaonekana majini kama mji mwingine. Mama alisema kweli, daftari lilijaa hadi nikaandika kwenye jalada. Safari hii watu 32: wenye boti 12, wachuuzi 20. Laini 125. Boti na mchuuzi 108 kati ya jozi 240. Boti na boti 4 kati ya 66. Mchuuzi na mchuuzi 13 kati ya 190.

Angalieni vizuri: uwiano ni uleule wa zamani. 108 kwa 240 ni asilimia 45, kama 27 kwa 60. Sijapata tabia mpya, nimepata watu zaidi wenye tabia ileile.

Nikafuata hesabu ya Mwalimu hatua kwa hatua. Kundi moja: biti 408. Makundi mawili, pamoja na gharama ya kuwataja nani ni nani: biti 373. Tofauti 35! Nilipiga meza, mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

Louvain nayo nikaiita, kwa heshima ya wazee. Makundi manne. Nikachanganya laini. Makundi manne.

Sasa hiyo 373 nimeipata kwa vitambulisho nilivyoandika mwenyewe. Nikataka kujua modeli ingeyapata makundi bila kuambiwa. Nikaweka graph-tool, programu ya modeli za bloku ya Tiago Peixoto. Onyo kwa wenye Windows: usijaribu kuiweka moja kwa moja, utazeeka. Tumia conda ndani ya Linux ndogo inayokaa ndani ya Windows. Bando langu la siku mbili liliishia hapo.

Ikaniambia makundi mawili. Kundi la 13 na kundi la 19. Nikalinganisha na orodha yangu: wote sawa isipokuwa mtu mmoja. Mchuuzi mmoja, mama wa beseni, hana boti, nimemwona kwa macho yangu na beseni lake, lakini modeli imemtia kundi la wenye boti. Nimefuta namba 9 wa Zachary kichwani nikaweka huyu. Ni kosa la modeli ama nimeandika vibaya?

Kiazi_cha_Molo

Kabla hujasema kosa: usichukue jibu moja tu. Iache programu ipige sampuli nyingi, uhesabu mara ngapi anaangukia kila upande. Jibu moja bora ni kama kuuliza mtu mmoja bei ya gunia.

Daftari_la_Dunga

Nimefanya. Wengine wote wanakaa palepale karibu kila mara. Yeye: asilimia 58 upande wa boti, 42 upande wa wachuuzi.

Mwalimu_wa_Mulembe

Basi modeli haijakosea wala haijapatia, inasitasita, na imekuambia kiwango cha kusita kwake. Kuna modeli ya Airoldi, Blei, Fienberg na Xing ya 2008 inayomruhusu mtu mmoja kuwa na uanachama wa vipande vipande, nusu hapa nusu pale. Ungeweza kuijaribu. Ila kwanza nenda kwa mtu. Na jihadhari na orodha yako ya "boti" na "beseni". Peel, Larremore na Clauset waliandika 2017 kwamba lebo tulizobandika wenyewe si ukweli wa mtandao, ni habari nyingine tu pembeni. Modeli ikitofautiana nazo, huenda inajibu swali ambalo wewe hukuuliza.

Mama_Omena

Mimi nadhani namjua huyo mnayemsema, na jina msiliandike. Hana boti, kweli. Lakini jioni boti zikitaka mafuta, nani anakopesha? Yeye. Kwa hiyo asubuhi omena inamfikia yeye kwanza, debe kwa debe, na sisi wengine tunamfuata yeye kama tunavyofuata boti. Beseni analolibeba ni la kwenda nalo nyumbani.

Daftari_la_Dunga

Mama. Nimefungua daftari sasa hivi. Zile laini 13 za mchuuzi kwa mchuuzi... 9 ni zake.

Pweza_Kavu

Sina utani leo. Hiyo imenipita.

Binti_Kondele

Swali langu la mwisho, na Mama atanisamehe. Daftari lina majina? Kwa sababu Mama ametambua mtu kwa kuambiwa tu asilimia 58. Na pale ufuoni kuna laini ambazo si za samaki peke yake, wote tunalijua neno lake: jaboya, samaki kwa ngono. Mtu akipata hiyo picha na majina, mtavunja nyumba za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata bila sheria.

Daftari_la_Dunga

Umenigusa mahali. Kikao cha kwanza nilichapisha na majina, sikufikiri. Zile karatasi nimezikusanya, mbili hazijarudi. Mpya zote ni namba, na ufunguo uko kwenye daftari peke yake, daftari liko chini ya godoro.

Wenye makasha nimewaambia hakuna jamii nne. Kuna wanaoleta na wanaochukua, na mama mmoja katikati. Barafu inatakiwa na wanaochukua, hasa wale wa ngege na mbuta, maana omena yenyewe inaanikwa juani. Wameuliza kama naweza kuwapa "picha ya rangi kama ile ya kwanza". Bado sijawajibu.

Mwalimu, kitu kimoja. Nataka kuongeza wale wa mgongo wazi wa Obunga, na wanaouza Kibuye siku ya Jumapili. Hao hawanunui ufuoni, wananunua mifupa inayotoka viwandani. Nikiwaingiza, makundi mawili yatatosha?

Mwalimu_wa_Mulembe

Usiamue wewe. Usiipe idadi, iache itafute yenyewe, na tumia ile ya ngazi, makundi ndani ya makundi. Peixoto aliileta 2014 kwa sababu ile ya kawaida, mtandao ukikua, inashindwa kuona vikundi vidogo, kama alivyosema Kiazi kuhusu modulariti. Na weka marekebisho ya umaarufu kisha bila marekebisho, ulinganishe biti. Iliyo fupi ndiyo yako.

Mama_Omena

Kibuye Jumapili njoo mapema, nyathina. Saa tatu wakubwa wameshamaliza kuuziana, utawaandika wanaopiga hesabu ya hasara tu. Na ubebe kalamu mbili.